Kubadili brekipedi mwenyewe uani: kazi unaiweza, mteremko wa Jumamosi ndio wa kuufikiria

Mkuu, umesema uko Uyole, Toyota IST yako inalia mbele ukikanyaga breki, fundi mmoja anataka "kupiga msasa" pedi, mwingine kakutajia bei ya kukimbiza, na Jumamosi unashuka Kyela. Unauliza kama unaweza kubadili pedi mwenyewe. Unaweza. Za kwangu huwa nabadili uani hapa Mbeya, miaka sasa.

Kwanza hiyo kelele. Mlio mwembamba kama wa filimbi mara nyingi ni kibati kidogo cha tahadhari kilichoanza kugusa diski (sahani ya chuma inayobanwa na pedi) kwa sababu pedi imebaki nyembamba. Ukisikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma, pedi imekwisha na sasa diski ndiyo inayoliwa. Hapo acha gari nyumbani, panda daladala ukanunue spea. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 hivi, na ikibaki 3 inatolewa. Kwa milima yetu mimi hata hiyo 3 siisubiri. Msasa unaondoa ukoko wa juu tu, unene haurudi.

Nunua pedi za magurudumu yote mawili ya mbele, kamwe si upande mmoja. Nenda na pedi ya zamani mkononi, maana gari za jina moja zinaweza kutofautiana umbo la pedi. Nyuma, IST nyingi zina ngoma na brekishuu. Hiyo ni kazi nyingine, usiichanganye na hii.

Sasa jeki, na hapa naomba usome taratibu. Watu wengi wanaweka gia ya P, ya kuegesha, halafu wanajiona salama. IST nyingi huvuta kwa magurudumu ya mbele, na P inashikilia hayo hayo ya mbele. Ukinyanyua gurudumu moja la mbele, lile lililo hewani linaweza kuzunguka huku lililobaki chini likibiringika, na gari ikaondoka na P yake. Kinachokushikia ni handibreki pamoja na kabari za mbao au mawe mazito kwenye magurudumu ya nyuma. Uwanja uwe tambarare kweli. Viwanja vyetu vingi vimeinama, na udongo huu mwekundu ukinyeshewa jeki inazama ikiwa imebeba gari, kwa hiyo weka ubao mpana na mgumu chini yake. Jeki ni ya kunyanyulia. Ya kushikilia ni stendi ya chuma. Kama huna, azima kwa fundi yeyote wa jirani. Usiweke tofali, la kuchoma wala la saruji, linapasuka ghafla bila kukuonya. Tairi ukishalitoa lilaze chini ya gari, upande wa kizingiti cha mlango, liwe akiba endapo lolote litateleza.

Nati za tairi zilegeze gurudumu likiwa bado limekanyaga chini, kwa Toyota nyingi ndogo ni spana namba 21. Ukishanyanyua na kutoa tairi, piga picha kwa simu uone kila kibati kimekaaje. Nyuma ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, kuna boliti mbili, mara nyingi namba 14. Fungua ya chini, kalipa itanyanyuka. Ukiamua kuitoa yote, ifunge kwa waya kwenye springi; isining'inie kwa mpira wa breki. Vumbi jeusi usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, pedi nyingine za zamani zina asbesto. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa. Petroli na dizeli zikae mbali na breki.

Kabla ya kurudisha ndani pistoni, ile ya kwenye kalipa inayosukuma pedi, fungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki chini ya boneti. Pedi zikilika, mafuta kwenye kopo hushuka, na kuna mafundi wanaoongeza hadi juu bila kuangalia pedi. Ukisukuma pistoni, yale waliyoongeza yatafurika, na mafuta hayo yanakula rangi ya gari. Nyonya kidogo kwa bomba la sindano kwanza. Kisha weka pedi ya zamani juu ya pistoni na ubane kwa klampu, polepole. Ikigoma kabisa, usiitwange nyundo. Hiyo ni ya gereji.

Kitu ambacho mafundi wengi wanakiruka ni pini za kalipa, zile ambazo kalipa huteleza juu yake. Linganisha pedi ya ndani na ya nje. Kama ya ndani imekwisha na ya nje bado nene, mara nyingi tatizo ni pini zimeganda, na kwa matope na mvua za huku kwetu hilo nimelikuta sana. Ukiweka pedi mpya bila kuzigusa, utarudi dukani mapema. Zichomoe, zisafishe, zipake grisi ya silikoni inayovumilia joto. Grisi ya kawaida ya beringi inaharibu mipira yake. Tone lolote lisiguse uso wa pedi wala diski. Diski nayo iangalie: nyingi zimeandikwa MIN TH na namba, huo ndio unene wa mwisho.

Weka pedi mpya, shusha kalipa, funga boliti, rudisha tairi, kaza nati kwa kuvuka, si kwa kufuatana, na umalizie gari likiwa chini. Halafu, kabla hujaingiza gia yoyote, kanyaga breki mara nyingi mpaka pedali iwe ngumu. Mkanyago wa kwanza huzama mpaka sakafuni, na watu wameshagonga ukuta wao wenyewe kwa kusahau hilo. Kisha angalia kopo, mafuta yawe kati ya alama mbili.

Tuje Jumamosi. Pedi mpya hazijashikana na diski. Tafuta barabara tulivu asubuhi, si hii kuu yenye malori ya Tunduma, nenda kilomita 50 kwa saa ukanyage breki ushuke mpaka 10 bila kusimama kabisa, rudia mara nane au kumi, kisha endelea kuendesha kidogo bila kukanyaga breki ili zipoe. Uyole hadi Kyela unashuka zaidi ya mita 1,000, kwa hiyo fanya kazi hii Jumatano au Alhamisi, si Ijumaa usiku kwa tochi.

Na mafuta ya breki yakiwa ya miaka mingi, badilisha. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, ila yakishanyonya unyevu kiwango kinaweza kushuka hadi 140, na yakichemka pedali inakuwa laini katikati ya mteremko. Hiyo kazi mpe fundi, maana baada yake lazima upepo utolewe kwenye mabomba ya breki, na hilo linataka watu wawili wanaoelewana. Njiani zima O/D (kitufe cha overdrive, gia ya juu ya mwendo kasi), weka gia ya 2 kwenye mteremko mkali kabla mwendo haujakolea. Ukinusa harufu ya kuungua, egesha zipoe zenyewe. Kwenye mlima wa Kitonga nimeona watu wakizimwagia maji. Diski ya moto ikipata maji baridi inaweza kupinda au kupasuka.

Ukishafungua, weka hapa picha ya pedi zote nne, ya ndani na ya nje kila upande, tuone pini zinasemaje.