Uliza kwanza nafaka ilifukizwa na nini

Ninyi mnaoanza kuchunguza vifo vya mifugo, mtaletewa mizoga na kuulizwa ni ugonjwa gani. Mwaka wangu wa kwanza nilisaka vijidudu siku mbili nzima katika kuku waliokufa usiku mmoja, kumbe jibu lilikuwa ndani ya gunia: unga wa kijivu chini ya mahindi, mabaki ya vidonge vya aluminiamu fosfidi, dawa ya kufukizia wadudu wa nafaka ghalani.

Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 hivi ya gesi ya fosfini kikipata unyevu. Gesi yenyewe huondoka nafaka ikipigwa hewa vya kutosha. Kiwango cha juu cha mabaki kinachoruhusiwa na Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 0.1 tu kwa kilo ya nafaka. Tatizo ni kidonge kilichozama kwenye nafaka kavu mno, au ghala kufunguliwa kabla ya siku zake. Hapo fosfidi haijaisha. Mnyama akiimeza, asidi ya tumbo huitoa gesi yote kwa kasi ambayo unyevu wa ghalani hauiwezi. Mbwa huenda akatapika akapona, farasi hawezi kutapika. Na dawa ya kuiua sumu hii haipo.

Kwa hiyo usipasue tumbo hilo ndani ya chumba kilichofungwa, maana gesi iliyobaki humgeukia mpasuaji. Toka nje, upepo ukupige mgongoni. Harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza ni dalili nzuri ukiisikia, lakini kutoisikia si usalama. Sampuli iingie kwenye chupa isiyopitisha hewa na igandishwe papo hapo. Niliwahi kutuma yangu kwenye mfuko wa karatasi, maabara ikapokea chakula cha kuku kisicho na kosa lolote.

Methili bromidi, gesi nyingine ya kufukizia, ni habari nyingine: ukipiga hewa gesi inatoka, ila bromidi inabaki kwenye nafaka. Mnyama aliyekula nyingi husinzia na kuyumba miguu.

Kinachosumbua zaidi ni ethilini dibromidi, dawa ya tatu ya kufukizia, ambayo Marekani iliizuia kwenye nafaka mwaka 1984. Kuku wa mayai aliyelishwa nafaka yenye mabaki yake hula vizuri na huonekana mzima, ila mayai huzidi kuwa madogo, mwishowe hukoma. Hapo huna mzoga wa kupasua. Una daftari la mfugaji tu, na wengi huandika idadi ya mayai bila uzito.