Mwenye tagi (boti ya kuvuta vyombo) anadai sehemu ya thamani ya boti: je, bima italipa?

Pole sana kaka. Umeuliza kwa nini mwenye tagi aliyeinasua boti yako mwambani Kilifi hataki bei ya kuvuta tu. Boti ikiwa hatarini, kazi hiyo ni uokoaji. Kenya imo kwenye mkataba wa kimataifa wa uokoaji baharini wa 1989: malipo hupimwa kwa thamani ya chombo kilichookolewa, hatari na ustadi, na asiyefanikiwa kwa kawaida halipwi. Kwa hiyo ana haki ya kudai, ila kiasi kinajadiliwa. Usisaini kitu kabla ya kuongea na kampuni yako ya bima. Kujua kama bima italipa, kwenye hati yako ya bima tafuta kipengele cha gharama za uokoaji. Siku nyingine, kabla hujafunga kamba ya mtu, patana bei kwanza, ikiwezekana kwa maandishi.