Kuchagua kisu cha kukunja kwa safari za miguu huku Kusini mwa Tanzania

Wanaoniuliza kuhusu vifaa vya kutembea na begi mgongoni huanza na hema, wakafuata viatu, na kisu hukiweka mwisho kabisa. Wakifika hapo wengi wameshachagua tayari: lile dude jeusi, zito, nusu ya makali yake ni meno ya msumeno, lina kitufe cha kulifyatua na ndoana ya kukatia mkanda wa gari. Mimi huwa na swali moja tu. Utakata nini?

Ukikaa ukazipanga kazi za kweli za kisu katika safari ya siku mbili tatu, iwe unafuata ufukwe wa Msimbati kwenda Ruvula au unapandisha uwanda wa Makonde kwenda Newala kulitazama bonde la Ruvuma ukiwa Shimo la Mungu, utakuta ni kitunguu, nyanya, embe, ndimu, kamba ya hema, mfuko wa mchele na plasta ya malengelenge. Hakuna hata moja inayotaka bapa nene. Kufyeka kichaka, kupasua kuni na kufungua dafu ni kazi zenye mwenyewe, naye ni panga. Panga la kawaida linakaribia nusu kilo, mengine yanapita, na huna haja ya kulibeba kwa sababu lipo karibu kila nyumba utakayopita. Anayekuonyesha njia huwa nalo mkononi. Mzee mmoja wa Msimbati alikipokea kisu changu, akakigeuzageuza, akacheka.

"Mjukuu wangu, hiki si cha kumenyea vitunguu?"

"Ndiyo kazi yake, babu."

Akanifungulia dafu kwa panga lake, na sikuwa na la kuongeza.

Kwa hiyo tafuta bapa jembamba, milimita mbili au pungufu yake, refu kati ya sentimita saba na tisa. Kisu chembamba hukata nyanya, kinene huipasua. Makali yawe ya kawaida mwanzo hadi mwisho. Meno ya msumeno yakishakuwa butu hutaweza kuyanoa kwa kinoo, na huku sijaona anayeyanoa.

Kuhusu uzito sitasema mengi, mizani ya duka la jirani itakwambia yote. Ila kumbuka unakotembea. Juu ya uwanda wa Makonde mvua huzama kwenye udongo wa kichanga, maji ya juu ya ardhi ni ya shida, na watu wanategemea ya kupampu kutoka mabondeni. Ukipita kule wakati wa kiangazi unabeba maji yako, na lita moja ni kilo moja. Leatherman Wave, chombo cha kukunja chenye koleo na visu ndani yake, kizuri sana kwa fundi, kina gramu 241: hiyo ni bilauri nzima ya maji umeiacha nyumbani ili ubebe koleo ambalo hutalitoa begini. Opinel namba 8, kisu cha Wafaransa chenye mpini wa mti na bapa la sentimita 8.5, kina gramu 45 hivi, chepesi kuliko yai la kuku. Namba 6 ni chepesi zaidi, bapa lake sentimita 7. Na kama hupiki njiani kabisa, Victorinox, kile kisu kidogo cha Waswisi chenye urefu wa milimita 58 kikiwa kimekunjwa, hakizidi sana gramu 20, na mkasi wake ndio utakaokukatia plasta vizuri kuliko kisu chochote.

Mimi natembea na Opinel. Sasa nieleze ipi, maana hapo ndipo pwani yetu inapoingia.

Opinel namba 8 huuzwa kwa aina mbili za chuma. Moja ni chuma cha kaboni, nyingine ni stenlesi, na bapa la stenlesi limegongwa neno INOX. Ukisoma ushauri wa watu wa Ulaya utakuta wengi wanakisifia cha kaboni, na kwa kwao wana haki: kinanoleka upesi na makali yake ni matamu. Lakini wao hawalali hema liko hatua chache kutoka maji makuu wakati kusi inavuma. Hewa ya Mikindani, Lindi mjini au Kilwa imebeba chumvi, na kisu cha kaboni ukikilaza na maji ya ndimu bila kukifuta, asubuhi kina madoa mekundu. Embe na mabibo nayo yana asidi, hukigeuza bapa rangi ya kijivu hadi weusi. Weusi huo usikutishe, hauli chuma. Wekundu ndio kutu, unakula. Kama wewe ni mtu wa Masasi au Nachingwea na safari zako ni za kupanda yale majabali, chukua cha kaboni ukifurahie. Mtu wa pwani achukue stenlesi, na bado akifute.

Hapa niseme neno kuhusu sumaku. Kuna wauzaji wanaokuambia kwamba stenlesi halisi haishikwi na sumaku, kisha wanakufanyia onyesho pale kaunta. Kwa masufuria mengi ni kweli. Kwa visu si kweli, kwa sababu stenlesi inayoweza kupashwa moto ikawa ngumu na kushika makali hushikwa na sumaku sawasawa. Kisu kisichoshikwa kabisa ndicho cha kutilia shaka.

Halafu korosho. Msimu ukifika, kuanzia Septemba au Oktoba, utapita chini ya mikorosho na mkono utawasha kutaka kupasua korosho mbichi uone ilivyo ndani. Usitumie kisu chako cha chakula. Ganda lake lina mafuta makali yanayobabua ngozi, yanang'ang'ania kwenye bapa na kuingia kwenye maungio, na jioni utakatia nyanya hayo hayo. Bibo ni salama, kata ule. Korosho yenyewe waachie wanaojua kuichoma.

Mpini wa Opinel ni wa mti wa Ulaya unaovimba ukilowa. Wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, bapa linabanwa hadi kucha inauma kulifungua. Dawa yake ni kugonga kitako cha mpini kwenye jiwe au meza. Ncha ya bapa huchomoza kidogo, ukaivuta. Nimewahi kuona kimoja kilichowekewa mpini wa mpingo na mchongaji wa hapa Mtwara, na nilikitamani. Mpingo hauvimbivimbi ovyo, ndiyo maana huko nje wanachongea klarineti, ile ala ya muziki ya kupuliza. Ila ni mti mzito unaozama majini, kwa hiyo wepesi ulioununua unaurudisha dukani. Kwa uzuri, sitamkataza mtu.

Kufuli ya bapa ni jambo ambalo sishauri kulipunguza kwa ajili ya gramu. Visu vingi vya kisasa vina kibati chembamba ndani ya mpini kinachosogea na kuzuia kitako cha bapa. Ni kizuri, mpaka ufike ufukweni. Punje za mchanga zikikaa pale, kibati hakiingii vizuri, na ukikandamiza kisu kinaweza kukufungia vidoleni. Opinel kuanzia namba 6 kwenda juu ina pete ya chuma shingoni, unaizungusha kwa dole gumba. Mchanga ukiingia unausikia unakwaruza, unasuuza, unaendelea. Kile kidogo cha Victorinox hakina kufuli, kina springi tu, kwa hiyo kata nacho, usichome nacho kitu.

Samaki ndio mtihani mbaya kuliko mchanga. Kisu chochote cha kukunja hunasa magamba na utelezi kwenye maungio, na kesho yake begi zima linanuka. Ukinunua samaki kwa wavuvi, waombe wakuparie palepale. Wana visu vya kazi hiyo na ni wepesi kuliko wewe. Ikikulazimu kutumia chako, kisuuze kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kipanguse, kiache wazi kikauke, kisha tia tone la mafuta ya cherehani kwenye maungio. Mafuta ya nazi yapake kwenye bapa tu, kwani unakatia chakula. Usiyatie kwenye maungio: yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Newala asubuhi za Juni na Julai hushuka huko vizuri sana.

Kinoo huna haja ya kukibeba. Pindua kikombe cha kaure cha mama ntilie, ule mzingo wa chini usio na rangi ya kung'aa unanoa vizuri. Omba kwanza, lakini. Hii nayo ni sababu ya kutokimbilia vyuma vya bei kubwa vilivyo vigumu mno: vinakaa na makali muda mrefu, ila yakishaisha kikombe hakiviwezi.

Dukani, kifungue na kukifunga mara kadhaa. Kishike kwenye mwanga uone kama bapa linakaa katikati ya mpini. Litikise kushoto na kulia, likicheza, kirudishe. Funga kufuli, kisha bonyeza mgongo wa bapa kwenye kaunta ya mbao, taratibu, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Vya kuiga viko vingi na nembo zake zinafanana na za kweli, lakini kufuli hovyo haifichiki. Mpini ukiwa mweusi funga uzi mwekundu, la sivyo utakipapasa nyasini usiku.

Na kama unarudi Dar kwa ndege kutoka Mtwara, kitie kwenye begi unalokabidhi kaunta kabla hujaondoka nyumbani, maana cha begi la mkononi kitabaki kwa wakaguzi.