Vumbi la malori huku kwenye visima vya mafuta: tumwage oili chafu au tuache?

Swali: Injinia habari yako. Mimi niko Buliisa, Uganda, kando ya Ziwa Albert, nauza muziri, wale samaki wadogo kama dagaa, nawakausha kando ya barabara ya murramu (changarawe nyekundu) inayoingia kwenye visima vya mafuta. Malori yanapita kutwa nzima, jua likiwaka wiki mbili tu hatuonani kwa vumbi, samaki wanajaa mchanga wateja wanakataa, na mtoto wangu anakohoa usiku. Boza la maji linapita mara moja tu, asubuhi. Vijana wa gereji wanasema tumwage oili chafu mbele ya nyumba, mwingine anasema tuombe yale maji ya chumvi yanayotoka visimani. Tufanye nini?

Jibu: Dada, afadhali umeuliza kabla hamjamwaga. Oili chafu hapana, hata debe moja.

Oili iliyotoka kwenye injini imebeba madini ya risasi, zinki na masizi ya kila aina, ukiimwaga vumbi linatulia siku chache halafu magurudumu yanasaga ule udongo na linapaa tena, sasa likiwa na sumu ndani, na ndo hilo linatua kwenye samaki wako. Mvua ikija inasukuma kila kitu kwenye mitaro, visima vya maji ya kunywa na Ziwa Albert. Vijana wakisema hata nchi za nje wanafanya hivyo, waambie kuhusu mji wa Times Beach huko Missouri, Marekani. Miaka ya 1970 walimlipa mtu awamwagie oili chafu barabarani kuzuia vumbi, kumbe oili ile ilikuwa imechanganywa na taka za kiwanda cha kemikali zenye dioksini, sumu kali, na mwaka 1983 serikali ikatangaza kuununua mji mzima ili watu wahame, zaidi ya watu 2,000. Simaanishi gereji yenu ina dioksini, namaanisha pipa la oili chafu hakuna anayejua limechanganywa na nini.

Maji ya chumvi ya visimani nayo msiombe. Maji yanayopanda pamoja na mafuta mara nyingi yana metali nzito na hata radiamu, ambayo ina mionzi, Pennsylvania walikuwa wanayamwaga barabarani miaka mingi wakasimamisha mwaka 2018. Halafu hata kwa kazi yenyewe hayafai, manake chumvi ikiwa ni sodiamu kama ya kupikia inaachanisha udongo wa mfinyanzi ambao ndo unashika barabara. Chumvi inayotumika kwa kazi hii ni kalsiamu kloraidi au magnesiamu kloraidi ya kununua, inavuta unyevu wa hewa, ila inakula mabati na vyuma kwa hiyo iwekwe na anayejua vipimo. Molasi ya viwanda vya sukari pia inashika vumbi kwa muda, mvua kubwa moja inaiondoa.

Sasa kitu ambacho naona wengi wanakipuuza ni spidi. Gurudumu linasaga kokoto kuwa unga, na upepo unaozunguka nyuma ya lori ndo unaunyanyua, kadiri lori linavyokimbia ndivyo unga unavyopanda. Lori likishuka kutoka kilomita 60 hadi 30 kwa saa vumbi linapungua karibu nusu, bila tone la maji. Kwa hiyo dai la kwanza kwa kampuni liwe 30 mbele ya makazi, na matuta yawekwe, kibao peke yake dereva hakioni.

Boza la asubuhi ni kama halipo. Asubuhi umande bado upo, shida inaanza saa nne mpaka saa kumi jioni, na joto la huko Buliisa unalijua, maji yanakauka ndani ya saa moja au mbili. Ombeni maji kidogo kidogo mara nyingi mchana. Wakimwaga mengi kwa mkupuo inakuwa tope, magurudumu yanapandisha udongo laini juu, na likikauka linakuwa vumbi jingi kuliko la mwanzo.

Na murramu yenyewe uipime, ni rahisi. Chukua ule wa juu barabarani, jaza nusu chupa ya plastiki, ongeza maji, tikisa sana, iache. Mchanga unakaa chini ndani ya dakika moja, udongo laini unafuata kwa saa kadhaa, mfinyanzi unabaki umeyachafua maji hadi kesho yake. Ukiona tabaka la katikati ni nene na maji ya juu yamekuwa safi haraka, murramu hiyo haina cha kuishikilia, mtaimwagia maji mpaka mchoke, hapo dawa ni mkandarasi alete murramu nyingine, greda ipite na rola ishindilie ikiwa na unyevu.

Kwa samaki, mchana upepo kwa kawaida unatoka ziwani kwenda nchi kavu. Kwa hiyo vichanja vyako viweke upande wa barabara ulio karibu na ziwa, virefu kutoka chini, mbali na barabara kadiri unavyoweza. Chandarua hakisaidii sana, vumbi baya ni lile jembamba lisiloonekana.

Hilo ndo linaloingia kifuani pia, kitambaa cha kufunga mdomo hakilizuii. Mtoto alale chumba cha mbali na barabara, na mpeleke kituo cha afya, kikohozi kikizidi wiki mbili apimwe na TB vilevile, msilaumu vumbi tu.

Katiba ya Uganda kifungu cha 39 inakupa haki ya mazingira safi, kwa hiyo si hisani unaomba. Pelekeni barua kwa afisa jamii wa kampuni, nakala kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na kwa afisa mazingira wa wilaya, wakikaa kimya nendeni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Msiandike tu "vumbi ni jingi". Kaa na daftari dukani, andika kila siku saa boza lilipopita na saa vumbi lilipoanza tena, hesabu malori ya saa moja, piga picha sehemu ileile saa ileile. Wakiona kwamba boza limepita saa mbili na saa nne vumbi limerudi, siku baada ya siku, hawana pa kusema kwamba wanamwaga maji.