Re: Kigoma tulishawahi kuwa na timu ligi kuu ya wanawake?

Dada umeuliza kama Kigoma tulishawahi kuwa na timu ligi kuu ya wanawake, ndio tulikuwa nayo, Kigoma Sisterz, ligi ile ilivyokuwa bado changa, maana imeanza msimu wa 2016/17 na bingwa wa kwanza ni Mlandizi Queens, baada ya hapo JKT Queens na Simba Queens wakaanza kupokezana.

Shida yetu kubwa ni umbali jamani. Reli ya kati tu kutoka Kigoma mpaka Dar ni kilomita 1,254, sasa piga hesabu wachezaji ishirini na kitu, kocha, chakula, malazi, kwenda na kurudi, alafu hapo hujamlipa mtu hata mia. JKT wana jeshi nyuma yao, Simba wana klabu kubwa, sisi nani? Naumia sana kwa kweli, kwasababu wasichana wa Ujiji na Mwanga wanaojua mpira wapo, nawaona kwa macho yangu.

Huyo mdogo wako anayecheza mpira asiache mazoezi, mpeleke UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, makocha wengi huwa wanachungulia pale, na mnunulie njumu asicheze peku.