Usiku wa Jana Ulilala Wapi?

Mashati matatu yalikuwa yametundikwa kwenye dirisha la nyuma la gari, yamepigwa pasi, sijui aliyapigia wapi. Mswaki ulikuwa umesimama kwenye kikombe kando ya gia. Nilimkuta mdogo wangu kwenye maegesho ya supamaketi isiyofungwa usiku, hapa Dallas, saa kumi na moja alfajiri nikitoka zamu. Alishusha kioo akaniambia, "Dada, nilikuwa napumzika tu." Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa amelala hapo wiki sita.

Alitoka Kenya mwaka 2007 kwa visa ya masomo. Mwaka 2010 akaingia jeshi la Marekani kupitia MAVNI, ule mpango ulioanza 2009 wa kuchukua wageni wanaojua lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwemo. Vijana wetu wengi walipitia mlango huo kabla haujafungwa 2016, wakapata uraia wakiwa na magwanda mwilini. Yeye akapelekwa Afghanistan, akarudi, akatoka jeshini 2015. Ndoa ikavunjika. Kazi ya ghalani ikaisha. Kufikia 2022 hakuwa na mahali pa kulaza ubavu.

Watu wetu wakisikia mwanajeshi wa zamani asiye na makazi, humwazia mzee wa vita vya Vietnam mwenye ndevu, chini ya daraja. Hawamwazii kijana wao aliyepigwa picha na bendera, picha ambayo mama yetu ameiweka sebuleni kule Kakamega. Hesabu ya serikali ya usiku mmoja wa Januari 2024 ilipata zaidi ya maveterani 32,000 wasio na makazi nchini Marekani. Mwaka 2010 walikuwa zaidi ya 74,000. Wamepungua kwa zaidi ya nusu, na hawakupungua kwa bahati. Kuna pesa zilizotengwa na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Kilichotuchelewesha sisi ni aibu, pamoja na jibu moja.

Kabla ya kuhamia garini, alikuwa amelala kwenye kochi langu miezi mitano. Katika miezi hiyo tulipiga simu kuomba msaada, na mama wa upande wa pili akauliza swali la kwanza: "Usiku wa jana ulilala wapi?" Mdogo wangu akajibu, "Nakaa kwa dada yangu." Basi. Kwa hesabu ya serikali, aliyelala kwenye kochi la ndugu huwa hahesabiwi kama aliyelala nje. Akapewa pole na namba nyingine ya kupiga. Alipotoka kwangu (tulikosana kwa jambo dogo ambalo leo naona haya kulitaja), alienda mwenyewe kwenye ofisi moja ya huduma. Akaulizwa swali lile lile. Akiwa ametoka garini asubuhi hiyo hiyo, akajibu tena, "Nakaa kwa dada yangu." Hakutaka kutamka neno gari mbele ya mgeni. Faili likafungwa.

Ndiyo maana namwambia kila anayenipigia simu: mwambie ndugu yako aseme ukweli wote wa jana usiku. Gari, kituo cha basi, ngazi za kanisa, makao ya muda ya wasio na nyumba, hayo yote yanahesabika. Asiongeze chumvi, wala asipunguze kitu. Swali lile linamtafutia foleni ya kuingia, na akijibu kwa heshima ya familia badala ya ukweli, anaelekezwa foleni isiyo yake.

Na kama kweli bado yuko kwenye kochi lako? Hapo pia kuna mlango, unaitwa SSVF. Ni pesa ambazo VA, idara ya maveterani, huyapa mashirika yasiyo ya faida tangu 2011, ili yasaidie familia za wanajeshi wa zamani zilizopoteza nyumba au zilizo karibu kuipoteza. Zinaweza kulipa malimbikizo ya kodi ya nyumba, dipoziti, bili ya umeme, hata gharama za kuhama. Lakini mara nyingi wataomba barua ya mwenyeji inayoonyesha tarehe ambayo mgeni lazima aondoke. Nimewasaidia akina mama wawili kuandika barua hiyo, na wote walilia. Kuandika kwa mkono wako kwamba mwanao hawezi kulala kwako baada ya tarehe kumi na tano ni kama kumfukuza. Nawaelewa. Mimi nilikataa kabisa kuandika ya mdogo wangu, nikasema kwetu mtu hafukuzwi, na ona alikoishia. Kama nyumba yako kweli haitoshi, au mkataba wako wa pango haukuruhusu kuweka mtu wa ziada, basi barua hiyo ni kweli tupu. Iandike.

Simu ya kuanzia ni moja, iko wazi usiku na mchana, na ni bure: 1-877-424-3838. Ni ya VA, kwa maveterani wasio na makazi na wanaowasaidia, kwa hiyo hata wewe dada au jirani unaweza kupiga. Akiwa na mawazo ya kujiumiza, piga 988 kisha bonyeza 1, usingoje kupambazuke.

Mpango uliompa mdogo wangu nyumba unaitwa HUD-VASH. Wizara ya nyumba hutoa vocha ya kodi kupitia mamlaka ya nyumba ya eneo lenu, na VA hutoa mhudumu wa kufuatilia maisha yake: matibabu, pombe, kazi, chochote. Yeye hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake, vocha inajazia. Hajafaulu hata mmoja niliyemwona akikimbilia mamlaka ya nyumba moja kwa moja, kwa sababu anayekupeleka huko ni VA. Anza VA.

Karatasi ziwatie haraka, zisiwatie hofu. DD-214, ile hati ya kutoka jeshini, ndiyo kitambulisho cha kila kitu, na ile inayohitajika ni nakala inayoonyesha aina ya kuachishwa kwake. Ya mdogo wangu ilikuwa imelowa chini ya kiti cha gari. Tuliomba nyingine kwenye kumbukumbu za taifa zilizoko St. Louis. Ukimsaidia mzee aliyetoka jeshini zamani, ujue kwamba moto wa 1973 uliteketeza mamilioni ya mafaili pale, kwa hiyo huenda wakahitaji muda kuunganisha habari zake kutoka kwingine. Lakini usikae nyumbani ukingojea bahasha, kwani wahudumu wanaweza kuthibitisha utumishi wake kwenye mfumo wao siku hiyo hiyo.

Wengine hawaendi kabisa kwa sababu waliachishwa kwa sifa mbaya, wakidhani milango yote imefungwa. Tangu sheria ya 2021, aliyeachishwa kwa sifa isiyo njema lakini si ile ya fedheha kabisa anaweza kupata HUD-VASH. Na aliyekataliwa zamani kwa sababu malipo yake ya ulemavu yalimpandisha juu ya kiwango cha kipato, arudi. Agosti 2024 wizara ya nyumba ilibadilisha kanuni, malipo hayo hayahesabiwi tena katika kuamua kama anastahili, ingawa bado yanahesabiwa katika kupanga kodi yake. Hata aliyewahi kufungwa asijikatie tamaa. Kwa vocha hii mamlaka ya nyumba hairuhusiwi kumkataa kwa rekodi ya jinai, isipokuwa kama yumo kwenye daftari la wakosaji wa ngono wanaosajiliwa kwa maisha yao yote.

Ugumu wenyewe ulianza vocha ilipofika mkononi. Vocha haina kitanda wala paa. Lazima mwenye nyumba akubali. Mdogo wangu alipewa siku 120 za kutafuta, tukapiga simu kwa majengo thelathini na moja. Niliyaandika yote kwenye daftari la shule la mwanangu. Wengi wakisikia neno vocha wanakuwa ghafla hawana chumba. Hapa Texas sheria ya jimbo inazuia miji kuwalazimisha wenye nyumba kupokea vocha, ila imewaachia nafasi maveterani: mji unaweza kupitisha kanuni inayowalinda wao. Uliza mji wenu una kanuni gani, na ukatae kujibiwa na karani wa jengo peke yake. Kilichotufungulia ni kumwomba mhudumu wa VA apige simu yeye mwenyewe. Mwenye nyumba akisikia kwamba kuna mtu wa kupigiwa mabomba yakivunjika au kelele zikizidi, roho yake hutulia. Jengo la thelathini na mbili lilikubali. SSVF ikalipa dipoziti.

Siku ya kukabidhiwa ufunguo tulibeba godoro, sufuria mbili na kilo tano za unga. Nilimpikia ugali na sukuma wiki, tukala tumekaa sakafuni. Usiku huo alilala karibu na mlango, viatu miguuni. Sikumwuliza. Wiki ya tatu nilipomtembelea, godoro lilikuwa limehamia chumbani na viatu viko mlangoni, vimepangwa jozi kwa jozi kama kwa mama.

Mhudumu wake bado humtembelea. Kila mwaka kuna ukaguzi wa kipato, na nyumba nayo hukaguliwa mara kwa mara, na barua ya ukaguzi isiyojibiwa inaweza kumrudisha garini, kwa hiyo nimeweka kumbusho kwenye simu yangu pia. Mwezi uliopita alinipigia kuniambia kuna kijana wa kutoka Eldoret, alitumikia jeshi la majini, analala kwenye ghorofa ya chini ya kanisa letu na mchungaji ameombwa asiseme. Tunaenda Jumamosi. Yeye ndiye atakayezungumza naye, mimi nitaendesha gari.