Luteni Usu na Sajenti Wake wa Platuni

SWALI

Shikamoo, afande. Nilitunukiwa kamisheni ya uafisa katika chuo cha kijeshi cha Monduli mwaka jana, nikapangiwa kikosi na kukabidhiwa platuni yenye askari karibu thelathini. Sajenti wangu wa platuni ana umri wa mjomba wangu, na alikwisha kuvaa gwanda kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Mwezi uliopita, katika zoezi la usiku, nilisoma ramani vibaya nikaivusha platuni korongo ambalo silo, tukachelewa kufika kwa saa mbili. Nina hakika Sajenti aliliona kosa mapema, lakini hakusema neno. Tangu siku hiyo naogopa kumwuliza lolote nisije nikaonekana siijui kazi. Nifanyeje ili nipate uzoefu upesi? Je, niombe kwenda kozi nyingine?

Luteni Usu, Kanda ya Ziwa

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Nianze na huo ukimya wa Sajenti wako, kwa kuwa ndio kiini cha barua yako. Askari aliyekaa kazini miaka ishirini hanyamazi kwa kutojua, na mara nyingi hanyamazi kwa chuki. Hunyamaza kwa sababu hajatambua bado kama afisa wake mpya ni mtu wa kuambiwa. Nidhamu inamzuia kukupinga mbele ya askari, kwa hiyo nafasi ya kuzungumza faragha ni lazima uitoe wewe mwenye nyota begani.

Kabla hujatoa amri za zoezi lijalo, mwite kando, ikunje ramani ibaki sehemu inayohusika tu, mpitishie kwa ncha ya penseli njia uliyoichagua, kisha mwulize yeye angepita wapi na kwa nini. Msikilize mpaka amalize, halafu amua mwenyewe. Kuuliza hakukuondolei ukamanda, maana amri itakayotoka ni yako na lawama yake ni yako. Kinachouondoa ni kumwachia Sajenti aamue kila kitu huku wewe ukiitikia kwa kichwa, na kosa hilo nimeliona kwa maafisa vijana wapole mara nyingi kuliko lile la majivuno.

Usichanganye pia heshima ya umri na ya cheo. Mkiwa kwenye magwanda, yeye ndiye anayekupigia saluti, nawe uipokee sawasawa, bila kuona haya. Mkikutana msibani mmevaa kiraia, mbele ya mke wake na wanawe, mwamkie shikamoo kama ungemwamkia mjomba wako. Sijapata kuona platuni iliyoharibika kwa sababu hiyo.

Kuhusu uzoefu wenyewe, nikueleze kilichonipata. Nikiwa Luteni Usu, nilikuwa natia saini taarifa ya vifaa vya platuni kila mwezi nikiwa nimekaa mezani, na kila mwezi taarifa ilisema vifaa vyote ni vizima. Usiku mmoja wa masika, saa tisa, nilikosa usingizi nikaenda kukagua malindo kwa miguu. Nilimkuta askari wangu amesimama wima kwenye zamu yake, koti lake la mvua limepasuka kutoka kwapani hadi kiunoni, na alikuwa amelishona kwa uzi wa viatu. Nilipomwuliza tangu lini, alijibu, “Wiki ya tatu, afande.” Katika wiki hizo tatu nilikuwa nimetia saini kwamba koti hilo ni zima. Sikupata somo zito kama hilo darasani, na tangu usiku ule sikutia saini kitu ambacho sijakishika kwa mkono.

Nalisisitiza hili kwa sababu jeshi letu lenyewe liliundwa baada ya maafisa na askari kutengana. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwaasi maafisa wao Waingereza wakidai nyongeza ya mishahara na nafasi za uafisa kwa Waafrika. Maafisa wale walikuwa na ujuzi, ramani na vyeo, lakini walikamatwa usiku bila kutazamia, maana yaliyokuwa yakisemwa mabwenini hayakuwafikia. Jeshi lile lilivunjwa, na Septemba 1 mwaka uleule likaundwa Jeshi la Wananchi. Uongozi wake alikabidhiwa Mirisho Sarakikya, aliyekuwa amehitimu Sandhurst, chuo cha maafisa cha Uingereza, na bado afisa kijana. Alipewa jeshi zima katika umri ambao wengine huwa wanaongoza kombania, yaani platuni chache tu.

Kwa hiyo usiombe kozi sasa. Kozi zitakuja kwa wakati wake, na ukifika ngazi za juu vyuo vya Duluti na Kunduchi vya maafisa wakubwa vipo. Platuni, hata hivyo, utakuwa nayo kwa muda mfupi tu, na ukishakuwa kamanda wa kombania hutapata tena nafasi ya kumjua kila askari kwa jina, kwa mkoa wake na kwa mguu wake unaotoka malengelenge baada ya kilomita kumi. Kula baada ya wao kula. Kagua malindo kwa saa zisizotazamiwa. Weka daftari dogo mfukoni, na kila jioni andika uamuzi mmoja ulioufanya na matokeo yake, hata kama ni aibu.

Lile korongo bado linakudai. Mwite Sajenti peke yake, mweleze ni wapi uliisoma ramani vibaya, na mwambie waziwazi kwamba siku nyingine akiona unakosea akusogelee akunong’oneze, usiku au mchana. Kisha, kwenye gwaride la asubuhi, waambie askari kwamba zile saa mbili ziliwapotea kwa kosa lako. Sema sentensi moja tu, halafu uwapangie kazi za siku.